Zabibu za Nchi Kavu

Somo la kutafakari wiki hii: Luka 13:6–9



Msimu wa zabibu ukifika, ni vigumu kupita Dodoma kwa basi bila kukutana nazo. Gari likipunguza mwendo tu, kina mama na vijana wanasogea madirishani na masinia na ndoo ndogo zilizojaa vichala vyeusi. Abiria anafungua dirisha, anauliza bei, anaonja moja, halafu ananunua za kuwapelekea watoto. Basi likifika Gairo, nusu ya mfuko imekwisha.

Zikiwa bado mdomoni, tazama nje. Utaona mchanga mwekundu, vichaka vya miiba, mibuyu iliyopukutisha majani, na korongo ambalo maji yake yalipita miezi kadhaa iliyopita. Mgeni anaweza kudhani matunda haya yameletwa kutoka nchi ya mbali yenye mito na majani mabichi mwaka mzima. Lakini yametoka hapa hapa: Mpunguzi, Hombolo, Mbabala, Makutupora, Bihawana. Utamu huu umekulia kwenye ukavu huu.

Wiki hii ningependa tukae na jambo hilo kwa utulivu, wewe na mimi. Mzabibu haukuchagua mahali pa kupandwa. Wewe nawe, katika mambo mengi makubwa ya maisha yako, hukuulizwa. Hukuchagua wazazi, wala kijiji, wala mwaka wa kuzaliwa. Je, udongo ambao hukuuchagua unaweza kuzaa kitu kitamu?

Tuanze na mzabibu wenyewe, maana Bwana wetu alipenda kufundisha kwa vitu ambavyo wasikilizaji wake walivijua kwa mikono yao.

Sehemu kubwa ya mashamba ya mizabibu duniani iko mbali na Ikweta, kati ya nyuzi 30 na 50 kaskazini au kusini: Ufaransa, Italia, Hispania, Chile, Afrika Kusini. Dodoma iko nyuzi sita tu kusini mwa Ikweta. Ukitazama ramani peke yake utasema mzabibu huu umepotea njia. Hata hivyo, katika karne iliyopita wamisionari Wakatoliki waliupanda Bihawana, nao ukashika. Leo zao hili linasomesha watoto katika vijiji vingi vya mkoa huo, na Makutupora kuna kituo cha utafiti wa kilimo ambacho zabibu ni kazi yake kubwa. Sehemu ya mavuno huliwa mabichi, nyingine hukamuliwa juisi, na nyingi huishia viwandani kama mchuzi wa zabibu wa kutengenezea mvinyo. Najua kwamba kwa baadhi yenu neno mvinyo linaamsha maumivu ya nyumba iliyovunjwa na ulevi. Sitawapeleka huko leo. Tutabaki shambani.

Kwa nini mzabibu ulishika Dodoma? Kwanza ni kwa sababu ya mwinuko. Dodoma imekaa juu ya uwanda, takribani mita 1,100 kutoka usawa wa bahari. Mchana jua ni kali, na kwa miezi mingi mawingu ni machache, hivyo majani yanatengeneza sukari nyingi na kuipeleka kwenye tunda. Usiku hewa inapoa. Mwezi wa Juni na Julai, baridi ya alfajiri inaweza kufika nyuzi 13 au 14 za Sentigredi, na watu wanatoka nyumbani wamevaa makoti. Baridi hiyo ina kazi yake. Zabibu inapoiva, sukari hupanda na uchachu hushuka, na joto ndilo linaloumaliza uchachu haraka. Usiku wa baridi unauhifadhi usiishe wote. Zabibu iliyopoteza uchachu wake kabisa ina sukari, lakini ladha yake imepooza. Ile tunayoisifu ina vyote viwili.

Halafu kuna mvua, au tuseme uchache wa mvua. Kwa mwaka Dodoma hupata milimita 550 hadi 600 hivi, karibu zote kati ya Desemba na Aprili. Baada ya hapo mbingu inafunga. Mkulima wa mahindi anaumia, na ana haki ya kulalamika. Lakini mzabibu una maadui wanaopenda unyevu, nayo ni magonjwa ya ukungu. Majani na vichala vikikaa vimelowa siku baada ya siku, mkulima anaweza kupoteza mavuno yote mbele ya macho yake. Katika miezi mikavu mengi ya magonjwa hayo hupungua nguvu. Tena, mzabibu unaopata maji kwa kiasi hutoa punje ndogo, na katika punje ndogo utamu na rangi haviyeyushwi na maji mengi.

Mwisho ni udongo. Mashamba mengi ya zabibu Dodoma yako kwenye udongo wa kichanga, au tifutifu wenye mchanga mwingi. Rutuba yake ni ndogo, na mkulima asipoulisha samadi ya ng'ombe na mbuzi hapati kitu. Ila maji hayatuami hapo, na hilo kwa mzabibu ni jambo kubwa. Mizizi yake ikisimama kwenye maji inakosa hewa na kuoza. Kwenye mchanga inapumua, na inashuka chini kabisa kutafuta unyevu. Mabondeni kuna udongo mweusi wa mfinyanzi unaoshika maji, na mtu asiyeujua mzabibu angeuchagua huo kwanza. Mzabibu ungeugua pale. Hata udongo wenye rutuba nyingi kupita kiasi haufai sana: mzabibu hushamiri majani, majani yakavifunika vichala, na mkulima akabaki na kijani kizuri cha kutazama.

Sasa tulia kidogo hapa, mpendwa. Jua kali, mvua chache, mchanga usio na rutuba. Mtu akiandika barua ya kuomba msaada kwa ajili ya kijiji chake, haya ndiyo angeyaorodhesha kama shida zake. Na ndiyo yaliyoumba ladha ile uliyoionja kwenye basi. Tukuyu kuna mvua ya kumwaga, nako Mungu ametoa chai na ndizi. Pwani kuna joto lenye unyevu usiku na mchana, nako ametoa nazi. Zabibu za Dodoma zinatoka Dodoma.

Ni mara ngapi tumesali tukimwomba Mungu atuhamishe tu? Mwalimu amepangiwa shule iliyo mbali na barabara, na kila asubuhi anawaza walimu wenzake waliobaki mjini. Mama anamuuguza mama mkwe aliyepooza, mwaka wa nne sasa, na anajiona kama mtu aliyesahauliwa nyuma ya pazia. Kijana aliyefaulu lakini akakosa ada anasimama nyuma ya kaunta ya duka la mjomba wake, akiangalia kwenye simu picha za wenzake siku ya mahafali. Kila mmoja ana sala yake, na mara nyingi ni sala ileile: Bwana, nitoe hapa, halafu nitaanza kuzaa matunda.

Sisemi usitafute mabadiliko. Mwalimu anaweza kuomba uhamisho, na kijana asikate tamaa ya kusoma. Ninachokuuliza kwa upole ni hiki: wakati unasubiri, je, unaamini kwamba Mungu yuko kazini hapo ulipo? Au umeamua kwamba maisha yako ya kweli bado hayajaanza? Watoto wa shule ile ya mbali wako darasani leo. Mgonjwa yule anahitaji kugeuzwa ubavu usiku huu. Upendo unaotolewa mahali ambapo hakuna anayeuona una ladha ambayo haipatikani kwingine, na Mungu anaijua.

Lakini nisikudanganye. Ukavu peke yake haujawahi kuzaa zabibu.

Wazee wa Ugogo walisimuliana habari za njaa iliyoitwa Mtunya, kati ya mwaka 1917 na 1920. Majeshi ya Vita Kuu ya Kwanza yalikuwa yamechukua nafaka na mifugo, na wanaume wamepelekwa kubeba mizigo ya vita. Kisha mvua ikakatika. Watu wengi sana walikufa, na familia zikatawanyika. Ilikuwa nchi hii hii, na jua hili hili. Hakuna mtu mwenye moyo anayeweza kusimama juu ya makaburi yale na kusema kwamba ukavu ni baraka. Penye zabibu leo, kuna mtu aliyechimba shimo, akaleta samadi, akachota maji kisimani au akatandaza mipira ya umwagiliaji, akarudi kesho yake na keshokutwa. Utamu ulikuja pale ambapo nchi ngumu ilikutana na mtu aliyeipenda.

Kwa hiyo, usikubali mtu akwambie kwamba mateso yanamtakasa mtu yenyewe kwa nguvu zake. Yanaweza pia kumkausha, na wewe na mimi tumewaona waliokaushwa. Anayepigwa nyumbani haambiwi kwamba huo ndio udongo wake, avumilie. Huyo anahitaji kulindwa, na kanisa linapaswa kuwa la kwanza kumfungulia mlango. Mwenye njaa anahitaji chakula kabla ya tafakari. Imani yetu haituambii tuite kila jambo jema. Inatuambia kwamba hakuna mahali ambapo Mtunza shamba hawezi kufika.

Na upande wa pili nao una fundisho. Fungua Isaya sura ya 5. Nabii anaeleza shamba la mizabibu lililokuwa na kila kitu: kilima chenye rutuba, mawe yameondolewa, mche umechaguliwa ulio bora, mnara umejengwa, na hata shinikizo la kukamulia limechongwa tayari. Mwenye shamba akangoja zabibu njema. Akapata zabibu mwitu. Udongo mzuri haukutosha. Kwa hiyo aliyelelewa penye raha asijivunie mahali, na aliyelelewa penye shida asijihukumu kwa sababu ya mahali. Mahali panaumba ladha yetu, lakini hapaamui kama tutaupokea upendo wa Mungu au tutaukataa.

Hapo ndipo tunapofika kwenye somo letu la leo, na kwenye jambo ambalo nadhani ni gumu zaidi kuliko kuukubali udongo wako mwenyewe. Ni kuukumbuka udongo wa mwenzako.

Yesu anasimulia habari za mtini uliopandwa ndani ya shamba la mizabibu. Miaka mitatu mwenye shamba anakuja kutafuta tunda, na hapati kitu. Anaagiza ukatwe, kwa nini uendelee kuimaliza ardhi? Mtunzaji wa shamba anaomba uachwe mwaka mmoja zaidi, ili auchimbie pembeni na kuutilia samadi. Baadaye usipozaa, basi ukatwe.

Soma tena habari hiyo polepole nyumbani kwako, na uangalie kila mmoja anaelekeza macho wapi. Mwenye shamba anatazama matawi. Mtunzaji anatazama udongo. Wote wawili wanasema kweli, kwa sababu mtini hauna tunda, na mtunzaji hajaribu kuficha hilo. Hasemi kwamba kuna tini zilizojificha nyuma ya majani. Anachofanya ni kuuliza mizizi imekula nini miaka yote hii, kisha anaomba muda, na anajitolea yeye mwenyewe kushika jembe.

Ndugu yangu, ni nani mtini huo katika maisha yako?

Pengine ni baba ambaye hajawahi kukwambia amefurahishwa nawe. Ulileta ripoti nzuri ya shule, akauliza kwa nini hisabati ni sabini na nane. Ulimjengea nyumba, akasema madirishani pamepinda. Miaka mingi umetafuta tunda kwenye mti huo. Je, umewahi kuuliza yeye alikulia udongo gani? Labda alianza kuchunga ng'ombe akiwa na miaka sita, na neno la upole alilisikia kwa nadra sana, kama mvua ya Julai katika nchi ile. Hawezi kukupa asichowahi kupewa, mpaka mtu amletee.

Pengine ni mke anayehesabu kila shilingi mpaka unajiona kama mtuhumiwa ndani ya nyumba yako. Alikulia penye madeni, akaona kitanda cha wazazi wake kikibebwa kwenda nje mchana kweupe. Pengine ni mfanyakazi mwenzako anayesema uongo kwa mambo madogo, kwa sababu alilelewa na mjomba aliyempiga kila aliposema kweli. Ukiujua udongo, kosa linabaki kosa. Linaumiza vilevile. Ila moyo wako unapata nafasi ya kupumua, na hasira inaanza kugeuka kuwa huruma. Mara nyingi msamaha huanza pale, kabla hata hatujaweza kulitamka neno lenyewe.

Na tuone kwamba msamaha wa mtunzaji huyu una kazi ndani yake. Hakusema uachwe tu. Aliomba mwaka wa kuchimba. Kumsamehe mtu kunaweza kumaanisha kukaa naye na kumwambia kwa utulivu neno gumu. Hilo ni kuchimba, na kuchimba kunakata vimizizi vidogo. Kunaweza kumaanisha kumpa kile ambacho hakuwahi kupewa: shukrani kwa baba asiyeshukuru, subira kwa mwenye hofu, na hiyo ndiyo samadi. Msamaha huu una mpaka pia, kwa maana mtunzaji hakuahidi kwamba mti usiozaa utabaki milele. Aliweka mwisho wa habari mikononi mwa mwenye shamba. Nasi tunaweza kufanya sehemu yetu kwa uaminifu, kisha tukamwachia Mungu hukumu ambayo hatukuumbwa kuibeba.

Kabla hatujaendelea, kumbuka pia kwamba wewe umewahi kuwa mtini huo. Yuko mtu aliyekuombea mwaka mwingine. Pengine ni bibi yako, kila alfajiri, akitaja jina lako wakati wewe umelala. Pengine ni mwalimu aliyekataa kukufukuza. Na juu ya wote hao yuko Kristo, aliyesimama kati yako na shoka, na bado anachimba kwa upole kuzunguka mizizi yako. Kusamehewa ndiko kunakotufundisha kusamehe. Ukiona huwezi kumsamehe mtu, usijilazimishe kwanza. Rudi ukakae na jinsi ulivyosamehewa wewe.

Kuna jambo moja zaidi ambalo mzabibu wa Dodoma umenifundisha, nalo ninaliona linahitajika sana siku hizi.

Katika nchi za baridi, majira yenyewe huupumzisha mzabibu. Majani hupukutika, utomvu hutulia, na kwa miezi kadhaa mti hulala. Dodoma hakuna majira ya kuusimamisha. Mzabibu ukiachwa ungeendelea kuchipua ovyo mwaka mzima, kijani juu ya kijani, mpaka uchoke na matunda yapungue. Kwa hiyo mkulima anaupa pumziko yeye mwenyewe. Baada ya mavuno anapunguza maji, anauacha utulie, halafu anaingia na mkasi kupogoa, au kama wengi wanavyosema kule, kupruni. Anakata matawi mpaka asiyejua anadhani shamba limeharibiwa. Kutoka siku hiyo, machipukizi yanaanza upya, na baada ya miezi minne hivi kuna vichala vilivyoiva. Ndiyo maana Dodoma wanaweza kuvuna mara mbili kwa mwaka, karibu na Machi na tena karibu na Agosti au Septemba.

Angalia maisha yetu. Ni majira gani yanayotusimamisha? Kazi haina msimu. Simu inaita mpaka usiku wa manane. Kuna kikoba, kuna mchango wa harusi, kuna mazoezi ya kwaya, kuna mgonjwa wa kutembelea, na yote ni mema. Lakini pumziko halitakuja lenyewe, linapaswa kutolewa. Katika Mambo ya Walawi sura ya 25, Mungu aliwaagiza watu wake kwamba mwaka wa saba wasipande mashamba wala wasipogoe mizabibu. Hata ardhi ilikuwa na haki ya kupumzika mbele zake. Ni lini mara ya mwisho ulikaa bila kazi mkononi na hukujisikia mwenye hatia? Mtu aliyechoka mno huwa mkali kwa watoto wake, na baadaye hajui ukali huo ulitoka wapi. Kupumzika ni sehemu ya kuwapenda watu wa nyumbani kwako.

Na mkasi je? Katika Yohana sura ya 15, Yesu anafundisha kwamba tawi linalozaa ndilo Baba analolisafisha ili lizidi kuzaa. Yaani mkasi haumaanishi kwamba umekataliwa. Ukiona jambo fulani limekatwa maishani mwako, cheo, mpango, urafiki uliodhani utadumu, usiharakishe kusema Mungu amenikasirikia. Huenda ni kweli kwamba hutaelewa kwa muda mrefu. Kaa tu kwenye shina.

Wanaojua mizabibu wanatueleza pia kwamba kichala unachokiona leo hakikuanza msimu huu. Kilianza kuumbwa kidogo kidogo ndani ya jicho la tawi katika msimu uliopita, wakati tawi hilo likiendelea kulisha matunda mengine. Jicho lililopata mwanga wa kutosha linakuwa na kichala ndani yake. Lililofunikwa na majani mengi mno mara nyingi hutoa chipukizi tupu. Mkulima anapoyapunguza majani ili mwanga upenye, anaihudumia zabibu ambayo hakuna mtu anayeweza kuiona bado.

Huo ndio uaminifu wa kila siku, mpendwa. Sala fupi uliyosali leo asubuhi ukiwa na usingizi inaweza isibadilishe siku ya leo. Jibu la upole ulilompa mtoto aliyemwaga uji huenda asilikumbuke. Lakini kuna kitu kinaumbwa. Miaka ijayo, siku ya msiba au siku ya jaribu kubwa, watu wataona ndani yako subira, na watashangaa umeitoa wapi. Itakuwa imetoka kwenye asubuhi hizi za kawaida, pale ulipouacha mwanga uingie kidogo wakati hakuna tunda la kuonyesha.

Tena Sheria ya Mungu ilimtaka mwenye mizabibu asivune mpaka kichala cha mwisho. Walawi sura ya 19 inaagiza zabibu zilizobaki ziachiwe maskini na mgeni. Utamu uliopewa haukuwa wako wote tangu mwanzo. Aliyevumilia ndoa ngumu anajua maneno ambayo mwanandoa mpya anayahitaji. Aliyekaa miaka minne kando ya kitanda cha mgonjwa anajua jinsi ya kukaa kimya na mfiwa. Ukihisi kwamba udongo wako umekupa kitu, mwachie mwingine sehemu.

Basi, kwa wiki hii ninakuomba jambo moja. Mchague mtu mmoja ambaye tunda lake limekukatisha tamaa. Kabla hujasema neno lolote juu ya matawi yake, jiulize amekulia udongo gani. Ikiwezekana, muulize mwenyewe, na umsikilize mpaka amalize. Kisha mpe mwaka mwingine, na ushike jembe: neno moja la kweli lililosemwa kwa upole, na tendo moja la wema ambalo hakulitarajia. Usingoje abadilike ndipo umpende. Mpende hapo hapo alipopandwa, na uanze leo.